Minyoo Tangini

Jumatatu, 3 Agosti
Sasa hivi Laras katupa konzi ya wali kwenye tangi la kioo la kamba wangu wa kufuga, kapiga makofi. Miaka miwili tu, na huruma yote hiyo! Nimembusu. Nainama kuopoa wali, nawaona: minyoo weupe, bapa, kichwa kama mshale, wanateleza kwenye kioo kama wenye nyumba. Na kamba wangu mwekundu ana mayai tumboni! Wanasubiri vitoto wavile. Kwangu mimi!

Wifi Endang, dada wa mume wangu, kachungulia. Eti ni shibe hiyo: nipunguze chakula, nifyonze uchafu wa chini kwa mpira wa maji, dawa nisitie, itaua kamba. Nani kamuuliza? Tangi lake linang'aa mpaka linakera.

Jumanne, 4 Agosti
Nimewakata kwa mkasi wa kucha za Laras. Kumi na wanne, kila mmoja katikati. Raha iliyoje!

Jumatano, 12 Agosti
Ishirini na wanane. Vipande vimeota vichwa!! Endang kacheka mpaka kashika ukuta. Eti huyu mdudu ukimkata umemzalisha. Si angesema mapema? Kasema nitege chupa yenye matundu, nitie ini bichi. Bichi sina. Lakini jirani kaleta kisanduku cha chakula cha kenduri, karamu yao ya dua, mna maini ya kuku ya pilipili na tui. Ini ni ini.

Alhamisi, 13 Agosti
Mafuta yametanda juu ya maji. Mnyoo hakuingia hata mmoja. Kamba wamejibana kona ya juu, wanahema, yule mama na mayai yake. Nimebadilisha maji kidogo kidogo kutwa nzima, nalia, natukana. Mume wangu Bagas kauliza maini yake ya kenduri yako wapi. Nikamwambia kawaulize minyoo.

Ijumaa, 14 Agosti
Nimekwenda kwa Endang, nimeinamisha kichwa. Kaja na ini bichi na mpira. Baada ya saa mbili tu, chupa imejaa weupe! Tumewamwagia maji ya moto. Kafyonza uchafu wote mchangani. Kasema chakula marufuku siku tatu. Kasema, "Na wewe Laras, mikono nyuma!" Anamkemea mwanangu!

Jumatatu, 17 Agosti
Watoto wa kamba wameanguliwa! Kumi na tisa, wadogo kama nukta, wekundu kama bendera za leo, Siku ya Uhuru. Nimelia. Nje watoto wanashindana kurukia na kung'ata kaukau zilizotundikwa kwenye uzi, mtaa mzima kelele.

Akili yangu imewaokoa. Sasa nani atawalaza njaa watoto wachanga? Endang? Nimempa Laras sahani nzima ya wali, katupa, tumepiga makofi wote.

Kuna kitu cheupe kwenye kioo. Kimoja tu. Simwambii mtu. Mkasi uko hapa. Kosa lilikuwa kukata vipande viwili. Nikimkata vipande kumi hatapata nguvu ya kuota ki—

Endang ananiita toka kwake, nyumba ya pili, sauti yote. Eti, "Wifi! Njoo umchukue mwanao, anamwaga wali kwenye tangi langu!"