Ndege Yote

Jumatatu, 9 Machi. Nalufenya, Jinja.
Jeshi limekubali. Ndege yetu ya abiria itatua kwenye uwanja wao Ijumaa. Nani aliandika barua ya maombi? Mimi, Phanice Akeyo, kwa Kiswahili sanifu. Wenzangu ofisini wanakiogopa, wanasema ni lugha ya askari, lugha ya kukamatwa. Bwana Odero, mwenye kampuni, ameahidi: watalii wakishuka Jinja salama, mimi ndiye meneja wa safari. Wasiposhuka, cheo anapewa Jaliah wa ofisi ya Mbale. Jaliah! Nimenunua koti la meneja.

Jumatano, 11 Machi.
Kambini. Afande Ojok, msimamizi wa uwanja, alinieleza utaratibu: asubuhi ni ya askari, mchana wanatuachia raia. Akasema njia ya ndege iko msafi. Nikamsahihisha: "safi" haichukui kiambishi. Akacheka, akaniita mwalimu. Askari wawili wakanipigia saluti. Heshima ya kweli.
Jaliah alipiga simu kuuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia atanisaidia sana akikaa Mbale.

Alhamisi, 12 Machi.
Usaliti. Nilimpigia Afande kuuliza kama tuko tayari. Akasema mwalimu nisiwe na wasiwasi, kesho asubuhi vijana wake "watafukuza ndege yote kwa uwanja".
Nimeichambua sentensi hiyo nikiwa nimekaa kitandani. Wenye manyoya ni ndege wote. Yeye alisema yote. Basi ni ya injini. Ni yetu. Tunafukuzwa, na nisiwe na wasiwasi!
Sikumpigia tena. Mtu aliyepata A ya Kiswahili hamwulizi askari maana ya sentensi. Nimemwagiza rubani atue Soroti.

Ijumaa, 13 Machi.
Nilivaa koti, nikaenda kambini kuwaaibisha. Nilikuta njia imefagiliwa na askari wamesimama juani na fimbo, jasho likiwatoka. Walikuwa wamekimbizana na karoli tangu alfajiri, wale korongo wakubwa wa jalalani, wasije wakaingia kwenye injini yetu.
Afande akauliza ndege iko wapi. Nikamkumbusha kwamba alisema "yote". Akajibu ndiyo, yote, hata ile kidogo-kidogo. Askari mmoja akauliza kama mwalimu analeta ndege yake au wairudishe ile waliyofukuza.
Watalii walishuka Soroti. Jaliah aliwafuata na magari, akawafikisha Mbale wakiimba. Bwana Odero amempa cheo. Nilijaribu kumweleza habari za ngeli. Akasema ana simu nyingine.

Jumapili, 15 Machi.
Nimetafakari kwa utulivu. Sikukosea. Sentensi ilisema nilichosikia. Kama jeshi na raia watatumia uwanja mmoja, lazima kwanza watumie ngeli moja, na hapa Jinja mtu wa kuwafundisha ni mimi tu.
Tena nafasi yangu imerudi. Jumanne watalii wengine wanakuja, na Jaliah, meneja mzima, ameniomba nimwulize Afande kama uwanja utakuwa wazi mchana. Afande amejibu kwamba Jumanne mchana "ndege mkubwa anashuka", raia tungoje kidogo.
Mkubwa. Anashuka. Safari hii sarufi haina utata hata chembe.
Bwana Odero atajua nani alistahili koti hili. Nimemwambia rubani aje mchana uleule, bila wasiwasi. Kampuni nzima haiwezi kumngojea karoli mmoja.