Kanuni za Upanga na Jogoo wa Mama

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Gari limeegeshwa, wageni hawaji hadi Juni, na mimi, Modest, dereva wa watalii mwenye leseni safi, nina kazi moja tu wiki hii: kumwokoa Radi.

Radi ni shujaa wangu kwenye mchezo wetu wa mezani, ule wa kusimulia hadithi na kurusha dadu, kila mtu na shujaa wake kwenye karatasi. Mrefu, mabega mapana, upanga wa kushika kwa mikono miwili. Ni wa tano. Wanne waliomtangulia walikufa. Mmoja alizama, wawili waliliwa, wa nne alianguka kutoka juu ya farasi aliyesimama. Wenzangu walicheka mpaka wakaweka sharti: nikimpoteza Radi, sipewi shujaa mwingine. Nitacheza punda wa mizigo hadi mvua ziishe. Punda! Mtu mzima nakaa mezani kila Jumamosi nikisubiri kuambiwa nibebe mahema.

Na Jumamosi hii Radi anapigana na Koko. Wameokota Upanga wa Mfalme ndani ya pango, kila mmoja anautaka, imeamuliwa waupiganie. Atakayeshindwa anakufa. Koko ni bibi kizee mwenye sime. Anachezwa na Lengai, mwongoza matembezi kutoka Oloipiri, anayekaa kwa shangazi yake hapa Karatu. Lengai hana haraka, hapandishi sauti, na dadu inampenda. Simchukii. Nataka tu ashindwe.

Nimeshaamua. Sitategemea dadu, nitategemea kanuni.

Jumanne, 29 Aprili

Kitabu cha mchezo kilisahauliwa na mgeni mmoja kwenye gari langu. Ni kinene, cha Kiingereza, na kikifika kwenye habari za panga kinajikanyaga chenyewe. Ndiyo maana tulikubaliana: pale kitabu kinapotushinda tunatunga kanuni yetu na kuipigia kura. Dada Selestina, binamu yangu, mwalimu wa hisabati, anacheza mganga na ndiye mtunza kanuni. Talha, mwenye duka la vipuri vya magari tunamochezea, ndiye msimulizi. Hana shujaa. Yeye ni dunia nzima: mvua, wafalme, na kila adui tunayekutana naye.

Leo nimependekeza kwamba upanga mrefu hupiga kwanza. Jambo la wazi, nilidhani tutamaliza kabla chai haijapoa. Selestina akataka tujaribu kwa vitendo. Nikachukua mpini wa fagio. Lengai akapewa kijiti cha kupimia oili. Nikainua mpini kwa nguvu zote za Radi, ukagonga rafu, makopo ya grisi yakashuka. Nilipofumbua macho kijiti kilikuwa tumboni mwangu. Lengai aliniomba radhi kwa doa la shati.

Kanuni imepita hivi: mahali pa wazi upanga mrefu hupiga kwanza, mahali pembamba sime hupiga kwanza. Nikauliza pambano litakuwa wapi. Talha akanikumbusha kwamba tuko pangoni.

Sikati tamaa.

Jumatano, 30 Aprili

Nimepata! Wazo lilinijia nikikwangua tope kwenye buti. Huku kwetu, awe Mkristo, awe Mwislamu, awe Mmaasai, mtu akishakula kwako humwinulii silaha. Kitabu cha mgeni hakijui hilo. Nikaenda dukani mbio na kanuni yangu: "Mtu akila chakula nyumbani kwa mwenzake, wao na watu wao wa mchezoni hawatapigana kwa upanga."

Mpango ni huu. Lengai anakuja kwetu, anakula, pambano linakufa, Radi anaishi. Halafu Upanga wa Mfalme aubebe nani kama si yule mrefu?

Imepita bila hata mmoja kupinga. Lengai alisema ni kanuni ya watu wenye adabu. Selestina aliuliza kama inamhusu kila anayekaa kwenye meza hii. Nikamjibu kila mtu, bila ubaguzi. Akaandika "bila ubaguzi" na kupiga mstari chini yake. Talha alinitazama kidogo, akasema hajawahi kusikia kanuni nzuri kama hiyo. Sijazoea kusifiwa dukani mle. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, na hakuna aliyefanya kazi kama mimi.

Mama alinitolea jogoo. Lakini Mama hapiki kuku bila kumpelekea jirani yetu Bi Hasna sahani, kwa hiyo jogoo lazima achinjwe na Mwislamu. Nikampigia Talha. Akaja, akachinja, akanawa, akaaga. Mama hajawahi kumwachia mtu aliyemchinjia kuku aondoke na njaa. Akamkalisha. Talha alikula sahani tatu za pilau. Sikujali, maana Talha hana shujaa.

Lengai alifika saa saba, akavua viatu mlangoni, akaamkia vizuri. Mama akamwekea paja. Akashukuru, akasema kwa upole kwamba yeye ndege hali. Baba yake hakula, babu yake hakula. Nikasema basi ale pilau peke yake. Pilau ilipikwa kwa supu ya jogoo. Nikasema andazi. Andazi la mwisho lilikuwa mdomoni mwa Talha. Mama akainuka asonge ugali, Lengai akamzuia, akasema ameshakula kwa shangazi yake, mama asihangaike. Akanywa chai ya maziwa, wakazungumza habari za ng'ombe mpaka mvua ikakatika.

Mtu amekaa kwetu mchana kutwa na hajala hata punje! Na habari ya Wamaasai na ndege nawasimulia wageni kila safari, tangu geti la hifadhi hadi ukingo wa kreta. Kwa Kiingereza naijua vizuri kabisa.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemfuata Selestina shuleni kwake na hoja nzito: chai ya maziwa ni chakula, mtoto mchanga anaishi kwa maziwa. Alikuwa anasahihisha madaftari. Bila kuinua macho akasema chai hunywewa, na kanuni yangu inasema "akila". Akaniuliza kama nina swali lingine, kwa sababu wanafunzi wake wanasubiri.

Nikamtafuta Lengai na ndizi mbivu mkononi. Akala zote, akashukuru, akaniuliza hali ya Mama. Nilikuwa nimeshafika nusu ya njia ya kurudi nilipokumbuka kwamba niliandika "nyumbani kwa mwenzake". Tulikuwa kituo cha mafuta.

Jioni nimemtazama Radi kwenye karatasi yake. Nilimchora mwenyewe, mkono wa kushoto ukatoka mrefu kuliko wa kulia. Wengine wote niliwazika bila kujali sana. Huyu nampenda, na naogopa.

Jumamosi, 3 Mei

Naandika kwa tabu.

Talha alifungua kwa kusimulia pango: giza, maji yanadondoka, Radi upande huu, Koko upande ule. Nikashika dadu. Lengai akainua kiganja. Akasema Koko hapigani. Kweli hakula kwetu, alisema, lakini mama yangu alimpa chai kwa mikono miwili na kumuuliza habari za mama yake mzazi. Hawezi kumkata mtu wa mwanawe kwa sababu tu chai si pilau. Upanga auchukue Radi.

Nilisimama. Nilizunguka meza. Nilitoa maneno kuhusu ujasiri wangu ambayo sasa sipendi kuyakumbuka. Kumshukuru Lengai nilisahau.

Kabla sijakaa Talha akaingiza majambazi pangoni. Safi kabisa! Radi akawarukia, Upanga wa Mfalme mkononi. Nikarusha dadu yetu ya pande ishirini, ikaangukia ishirini yenyewe. Pigo kuu, ambalo sijawahi kulipata na shujaa yeyote! Selestina akaweka kidole juu ya dadu. Akauliza majambazi hawa ni watu wa nani. Nikasema wa Talha. Akauliza Talha alikula wapi Alhamisi.

Talha, kwa huzuni ambayo siiamini, akasema pilau ya Mama ilikuwa tamu mno na yeye ni mtu wa heshima. Radi hawezi kumpiga jambazi huyu, wala yeyote atakayefuata, wala joka, wala popo. Wao pia hawawezi kumgusa. Dunia nzima imekula kwetu.

Koko akawamaliza peke yake kwa sime. Pango ni jembamba. Ila punda wa mizigo aliuawa kwenye purukushani, na Selestina akaanza kupiga hesabu. Wanahitaji mtu wa kubeba mahema, mwenye mabega mapana, ambaye adui hamgusi, na ambaye hana kazi nyingine. Wakapiga kura. Hata mimi nilinyoosha mkono, nilidhani tunapigia kura mapumziko.

Kwa hiyo Radi yuko hai. Amebeba mahema na masufuria, na kwenye Upanga wa Mfalme wamefunga kamba ya kuanikia nguo.

Jumapili, 4 Mei

Misa ya kwanza. Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa nafikiri.

Kanuni yangu haina kasoro, haikumaliziwa tu. Chakula hakikai tumboni milele, kila mtu analijua hilo. Nimeshaandika nyongeza: chakula kikipita wiki moja hakihesabiki tena. Nyongeza ikipita, Radi anatua mizigo na kushika upanga wake kama mwanamume.

Zinahitajika kura, na mtu mwenye njaa hapigi kura vizuri. Kwa hiyo nimewaalika wote kwetu Alhamisi, kabla hatujapiga kura Jumamosi. Safari hii ni mbuzi, Lengai ale mpaka ashibe, na Selestina naye. Mama ameguna lakini amekubali. Talha nimempigia aje kuchinja. Ameuliza kama pilau itakuwepo. Nimemwambia ipo, na aje na njaa.