Sare ni ya Mgawaji

Msafi alikuwa amepiga magoti mbele ya kipande cha ubao, brashi mkononi. Sheria tatu zilikuwa zimeshakauka, ila ya nne ilikuwa imemkwamisha kwa robo saa. Shemeji yake alimshikia kopo la rangi huku akichungulia juu ya bega.

"Hiyo ya nne iandike ndogo."

"Naiandika ndogo."

"Ndogo zaidi. Mimi nikisimama hapa bado nitaisoma."

"Wewe utaisoma kwa sababu unaijua, shemeji. Asiyeijua, hata ukimwandikia kwa ukubwa wa mlango, hataiona. Macho ya mtu hukomea pale anapoona faida."

Akachovya brashi, akaandika kwa herufi za adabu kabisa: *Sare ni ya mgawaji.*

Kwa haki yake, Msafi hakuwa tapeli wa kuficha karata kwenye mkono wa shati. Alishajaribu zamani, na karata ilimdondoka mbele ya askari aliyekuwa akicheza naye. Aliwahi pia kuuza hisa za daraja ambalo halikuwepo, akazisifia kwa ufasaha mpaka akajinunulia mbili. Baada ya mambo hayo aliketi, akajichunguza, akakubali kwamba kwa uongo hana kipaji. Ndipo alipoamua kuwaibia watu kwa ukweli, na jina la Msafi likampata.

Ukweli wenyewe ulikuwa mchezo wa ishirini na moja, ule ambao mgawaji huweka karata zake zote mbili wazi. Unapewa mbili, naye anajipa mbili, kila mtu anaona. Karata za namba huhesabiwa kwa namba zake, za picha ni kumi kila moja, na ree ni moja au kumi na moja, upendavyo. Anayekaribia zaidi ishirini na moja ameshinda, anayezidi ameungua. Na ubao ulisema hivi: kwanza, karata za mgawaji zitakuwa wazi. Pili, mgawaji ataongeza mpaka afike kumi na saba, na akifika atasimama, apende asipende. Tatu, mchezaji akishaona karata anaweza kuzidisha dau lake mara mbili, ila atapewa karata moja tu. Ya nne tumeshaiona ikiandikwa.

Sehemu aliipata siku tatu kabla, alipojibanza kwenye ukumbi wa dobi kukimbia mvua. Mvua ile ilikuwa na wiki nzima. Nguo hazikauki, wateja wanangoja zikaushwe kwa pasi, na kwenye benchi walikuwa watu tisa wasio na la kufanya, pesa ya kulipia nguo mfukoni. Msafi aliwatazama akahisi kama mtu aliyefungua kabati akakuta chakula.

Mama Dobi, mwenye duka, alimruhusu kwa masharti mawili: asitukane, na asipake rangi sakafu. Kisha akawageuzia mgongo, akaendelea kupiga pasi.

Biashara ilikwenda vizuri. Shemeji alijifanya mpita njia, akashinda mara tatu kwa kelele, akaondoka na tabasamu. Aliyefuata alikuwa Bucha, muuza nyama wa mtaa wa nyuma, mtu mnene wa sauti nene.

"Yaani karata zako naziona?"

"Zote mbili, kaka."

"Na wewe huna uamuzi? Ubao ndio unakuamulia?"

"Mimi ni mtumwa wa ubao."

"Sasa mjinga gani atashindwa mchezo huu?"

Msafi alikohoa kwa heshima, akagawa.

Bucha alipata kumi na tisa, Msafi ishirini. Hapo ndipo palipokuwa na siri nzima. Mwenye kumi na tisa akitulia amekwisha, maana ishirini anaiona kwa macho yake. Hana la kupoteza akiongeza. Lakini kumi na tisa ni namba tamu, na mtu huiogopea kama sahani ya udongo. Bucha aliitazama, akaitazama, akasema, "Kumi na tisa si haba, nimesimama," akalipa. Mara nyingine walifungana kwa kumi na nane, Bucha akanyoosha mkono kurudisha pesa yake, Msafi akamwonyesha sheria ya nne kwa kidole kilichojaa huruma.

"Hii iliandikwa lini?"

"Ilikuwepo, kaka. Tangu juzi."

Karata zilizokwisha kuchezwa Msafi alizipanga kwenye ubao, chini ya sheria, uso juu, safu kwa safu, mpaka deki yote ya karata iishe ndipo azichanganye. Aliambiwa na shemeji kwamba ni kazi bure. "Uaminifu ni pambo," alijibu. "Pambo halifunikwi."

Basi kungekuwa na nini cha kumtoa pale? Suti.

Ilining'inia kwenye ndoano juu kabisa, rangi ya maziwa, haina mwenyewe tangu mwaka juzi. Upande wa pili wa mji kulikuwa na hoteli ambayo kila Jumamosi mchana wenye maduka makubwa walicheza karata ukumbini, kwa madau ambayo Bucha asingeyaona maisha yake yote. Msafi alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza mlinzi alimtazama viatu akamwonyesha mlango wa jikoni. Mara ya pili alimwonyesha mlango uleule, na Msafi, kwa kuona aibu kubishana, aliingia nao akiwa amebeba gunia la vitunguu, akalishusha, akatoka. Suti ile ndiyo ingemfungulia mlango wa mbele. Na kesho kutwa ilikuwa Jumamosi.

"Mama, ile suti unaiuzaje?"

"Siuzi nguo za watu, baba."

"Lakini mwenyewe hatarudi."

"Ikipita miaka miwili ni yangu. Imepita wiki iliyopita." Aliinua pasi, akaitazama chini yake, akairudisha. "Bado siuzi. Lakini naona hapa watu wanacheza."

Benchi zima likageuka kumtazama. Msafi alijikaza asicheke.

"Unataka kucheza, mama? Dau lako suti?"

"Na lako mikono. Mashine yangu ya kukamulia imekufa, na mvua hii inanimaliza. Tuhesabu kwa makapu. Ukinizidi makapu kumi, suti chukua. Nikikuzidi, utafua na kukamua kila kapu nililokuzidi. Deki moja, mpaka iishe."

"Shemeji," shemeji, aliyekuwa amesharudi kwa kunyata, alinong'ona, "mkubalie kabla hajabadilisha mawazo."

Msafi alikubali haraka hata akasahau kuuliza maswali. Miaka tisa ya kazi hii, na hakuwahi kuona mtu akijitia sufuriani mwenyewe na chumvi juu.

Mama Dobi alivuta kigoda, akafuta mikono kwenye aproni, akaketi. Mwanzoni aliweka dau la kapu mojamoja. Alicheza polepole, kama anayekunja shuka. Akashindwa mara ya kwanza, akashindwa ya pili. Ya tatu yeye alikuwa na kumi na tatu, Msafi kumi na sita.

"Unaongeza, mama?"

"Niongeze ya nini? Wewe ndiye unayelazimika. Ongeza wewe."

Ubao ulisema ataongeza mpaka kumi na saba. Msafi akajipa karata: nane. Ishirini na nne. Bucha alipiga makofi mara moja, kisha akaona ni mapema.

Mzunguko mwingine Mama Dobi akapata kumi na tisa, na Msafi ishirini. Msafi alishaanza kukusanya karata.

"Ongeza," alisema Mama Dobi.

"Mama, una kumi na tisa!"

"Na wewe una ishirini. Hii kumi na tisa nikae nayo nifanye nini, niikunje?"

Ilikuja mbili. Ishirini na moja. Bucha aligeuka akamtazama Msafi kama mtu aliyekumbushwa jambo la uchungu.

Msafi hakushtuka. Kushinda na kushindwa kulipishana, na hesabu iliegemea upande wake kidogo: karata zilipobaki sita, alikuwa mbele kwa makapu mawili. Mama Dobi alitazama ubaoni, safu kwa safu, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akasema:

"Makapu kumi."

"Yote mara moja?"

"Mikono inauma, baba. Tumalize."

Msafi alihesabu upesi: mawili na kumi ni kumi na mawili, suti ni yake na chenji. Alijiona akipita mlango wa mbele, mlinzi akiinama. Akagawa. Mama Dobi: malkia na kumi. Yeye: mfalme na mfalme. Ishirini kwa ishirini.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Hata asiyejua kusoma sasa aliijua sheria ya nne.

"Pole, mama," alisema Msafi, na kwa kweli alimwonea huruma. "Ni sare."

"Bado sijasema nimesimama."

"Una ishirini!"

"Naiona. Nikisimama nimeshindwa. Nazidisha."

"Mama, sikiliza. Nakuambia kama mwanao. Mtu hazidishi juu ya ishirini. Utaungua."

"Nimeungua na pasi miaka thelathini. Makapu ishirini. Nipe karata yangu moja."

Ilikuwa ree.

Palitokea kelele ambayo ilizidi mvua. Bucha alisimama juu ya benchi, benchi likalalamika. Msafi alibaki na karata moja ya mwisho mkononi, na mkono ule, bila ruhusa yake, ukaanza kuigeuza. Ilikuwa ree nyingine. Ishirini na moja! Sare! Na sare ni ya…

"Weka chini, kaka," alisema Bucha.

"Lakini ni…"

"Una ishirini. Mgawaji akifika kumi na saba atasimama." Bucha alisoma ubaoni kwa sauti ya mtu anayesoma wosia wa tajiri. "Apende, asipende. Umeandika mwenyewe, na mwandiko mzuri."

Msafi alitazama ubao. Kwa mara ya kwanza aliuona kama wanavyouona wateja.

"Ulijuaje, mama?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ulijuaje zimebaki ree?"

"Umezipanga mwenyewe mbele yangu, uso juu. Nilitazama zilizotoka, nikajua zisizotoka. Picha na kumi zilibaki nne, na ree mbili. Wewe hukuziona?"

Hakuziona. Miaka tisa alikuwa akisoma nyuso za watu. Karata hakuwahi kuzisoma.

"Angalia humu ndani," Mama Dobi aliendelea bila kujisifu. "Mashati mia mbili, hayana hata uzi wa alama, na sijawahi kumpa mtu la mwenzake. Karata hamsini na mbili ni mzigo wa familia moja tu. Ila ningepewa ree na kumi, na wewe ree na kumi, ungenifunga. Hapo niliomba Mungu."

Msafi alimtazama shemeji.

"Makapu kumi na nane," alisema. "Si tulipatana nusu kwa nusu?"

"Faida, shemeji. Tulipatana faida." Shemeji alishakuwa mlangoni, mwavuli wa mtu mwingine mkononi. "Nitamwambia dada utachelewa."

Angeweza kukimbia pia. Lakini Bucha alikuwa ameketi mlangoni, na ingawa hakuja na kisu, kila mtu alikumbuka kwamba anacho. Zaidi ya hapo, mtu wa karata asiyelipa dau hana mji wa kwenda, na Msafi alishamaliza miji mitatu.

Alikunja mikono ya shati. Pale mlangoni palikuwa na kikapu cha ukili, cha kubebea mayai hivi, na ndicho alichokuwa nacho akilini wakati anakubali. Akakishika kwa moyo mkunjufu.

"Hicho cha vibanio," alisema Mama Dobi.

Akafungua mlango wa nyuma. Makapu yalikuwa yamepangwa ukutani, kila moja lingeweza kumlaza mtu mzima akajinyoosha.

"Mama! Haya si makapu, haya ni vyumba."

"Umeona mahali palipoandikwa ukubwa?"

Hapakuandikwa. Msafi akakumbuka kwamba alimjibu Bucha kuhusu sheria ya nne kwa sauti hiyohiyo, akaona afadhali atafute sabuni.

Kapu la kwanza lilikuwa la aproni za bucha, na mwenyewe alikuja kuegemea mlango kumwonyesha pale palipobaki damu. "Hapo, kaka. Na hapo. Kumi na tisa si haba, lakini doa ni doa." Kapu la pili lilikuwa shuka za nyumba ya wageni. Shuka hukamuliwa na watu wawili, kwa hiyo Mama Dobi alishika pembe zake, Msafi zake, wakasokota kila mtu upande wake, maji yakashuka kwenye viatu alivyotaka kwenda navyo hotelini.

"Sokota kulia, baba. Mimi nasokota kulia kwangu."

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kila mtu kulia kwake. Ndiyo, hivyo. Una mikono mizuri, sijui kwa nini ulikuwa unaichosha kwa karata."

Alitaka kujibu jambo la busara, shuka ikamponyoka, wakaianza upya.

Katikati ya kapu la tatu vidole vya Msafi vilikuwa vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni. Mvua ilikuwa imepungua, benchi limebaki tupu. Mama Dobi alitazama mbingu, akatazama lundo, akamwaga ndoo ya maji juu ya soksi za karani wa posta zilizobaki.

"Ziache zilowe. Uchafu huu hautoki leo."

"Yamebaki kumi na tano na nusu, mama."

"Naona unajua kuhesabu. Kesho saa moja asubuhi. Uje na mikono, ulimi uache nyumbani."