Kwilti ya Mama Mkwe

Jumatano, 9 Julai

Nimeona mwanga! Nilienda Nairobi kununua zipu na vifungo, nikajikuta ndani ya duka moja la vitanda lenye zulia mpaka mlangoni. Kitanda kimoja tu katikati. Juu yake kitu. Si blanketi, si duveti. Vitambaa viwili vimeshonwa pamoja, katikati kitu laini, mistari ya uzi kutoka juu hadi chini. Rangi ya kijivu. Mstari mmoja mwekundu upande wa miguuni. Basi! Hakuna ua, hakuna simba. Msichana wa duka aliniambia inaitwa kwilti, na kwamba watu walioendelea siku hizi hawataki mambo mengi. Nikaangalia bei. Nikatoka kinyumenyume.

Lakini mimi si fundi? Miaka kumi na tisa kwenye cherehani hapa Malili! Jumamosi ya tarehe 19 tunapeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea kwa mila yetu Wakamba, kwa kina mchumba wangu Kavata, Kibwezi. Mbuzi ni wa wazee, blanketi ni la mama mkwe. Wangu atapata kwilti.

Alhamisi, 10 Julai

Kavata amepiga simu. Anasema mama yake hana makuu, anataka tu blanketi zito lenye picha ya simba kama alilopelekewa dada yake. Eti ninunue kwa Abdifatah. Kwa Abdifatah! Jirani anayeanika mablanketi yake kwenye veranda mpaka wateja wangu hawanioni! Juzi mama mmoja alipita akiuliza fundi yuko wapi, na mimi niko nyuma ya simba watatu nikipunga mkono.

Nilimwambia Kavata atulie, nina mpango. Akanikumbusha mpango wa Aprili, nilipopeleka mbuzi wa kuazima na mwenye mbuzi akatufuata hadi Kibwezi. Alisema wazee wakikataa mara hii, yeye hatawabembeleza tena, na mimi nina miaka arobaini na mbili. Sauti yake ilitetemeka. Furaha, nadhani.

Jumamosi, 12 Julai

Kitambaa kimepatikana. Kijivu, kilibaki niliposhona suruali za shule, na utepe mwekundu wa ule mstari wa miguuni. Cha kuweka katikati kilinisumbua, hadi nikakumbuka blanketi langu mwenyewe. Nimelala bila kitu, na Malili mwezi wa saba si mchezo. Napiga chafya kila nikikanyaga cherehani.

Abdifatah alichungulia akauliza nashona nini. Nikamwambia suruali. Akapima kwa macho, akasema huyo mteja ana miguu mirefu.

Jumatatu, 14 Julai

Kushona mstari ulionyooka kwenye kitu kinene ni kazi! Wa kwanza ulianza vizuri, ukakata kona. Sindano nne zimevunjika. Nilikuwa nimepanga mistari arobaini, sasa nimeonelea tisa inatosha. Mambo machache ndiyo maendeleo.

Dada yangu Nzilani alikuja kutoka Makindu. Aliitazama kwilti muda mrefu, akasema ameshawahi kuona kitu kama hiki mahali. Nikamwambia labda maduka makubwa ya Nairobi. Akasema hapana, mahali penye geti. Alikunywa chai yote akijikuna kichwa. Wivu ni kitu kibaya.

Alhamisi, 17 Julai

Imekwisha! Niliianika nje watu waione. Dereva mmoja wa lori alisimama, akaitazama, akanitazama, akaenda akarudi na mkate mzima. Alinishika bega akasema Mungu ni mwema, maisha yaendelee. Sanaa inagusa watu.

Abdifatah naye alitoka dukani, akashika kichwa. Alisema, fundi, chukua blanketi la simba, chukua bure, nakuomba kama ndugu. Bure! Nilijua ameogopa ushindani. Nikakataa. Baadaye nilimwona akinong'ona na Nzilani, ambaye bado hajarudi kwake.

Jumamosi, 19 Julai

Mbuzi walipokelewa vizuri. Ni wangu kabisa safari hii. Kwa mila yetu bwana harusi hasemi kitu siku hiyo, anasemewa na wazee, kwa hiyo msemaji wangu alikuwa mjomba Ndululu. Wanawake wakaikunjua kwilti. Nikangoja vigelegele.

Mzee Nzomo, mjomba wa Kavata, akainuka polepole. Alikuwa askari jela miaka thelathini, jambo ambalo hakuna aliyeona vyema kuniambia. Akapitisha kidole kwenye mstari mwekundu. Alisema mablanketi haya ameyagawa kwa mikono yake. Kisha akauliza kijana alifungwa jela gani, na alivaa mistari miaka mingapi.

Aiee! Mama mkwe alifunika mdomo kwa leso. Nikasimama kueleza, nikavutwa shati nikae. Bwana harusi hasemi! Basi nikaonyesha kwa mikono: mkasi, sindano, cherehani. Mzee Nzomo akatikisa kichwa kwa huruma, akasema ndiyo, huko huwafundisha kushona.

Mjomba Ndululu aliapa sijawahi kufungwa, kwa kadiri anavyojua. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kueleza ile habari ya mbuzi wa Aprili. Wazee wakatoka kwenda kushauriana nyuma ya ghala. Nikamwona Kavata dirishani, anafuta macho. Hapo niliogopa kwelikweli. Ningekubali kulala bila blanketi maisha yangu yote ili tu asilie.

Ndipo Nzilani akasimama na mfuko mwingine. Ndani, blanketi zito kutoka kwa Abdifatah. Simba dume, simba jike na mtoto wao! Vigelegele vikapasua mabati. Wazee wakarudi mbio. Nzilani akasema hili ndilo la mama, lile la kijivu lilikuwa la kuwafunikia mbuzi njiani. Mzee Nzomo akacheka, akanishika mkono, akaniita mwanawe. Wamekubali! Kavata ni wangu!

Nyanya yake, Susu Ndila, ndiye aliyeichukua kwilti. Anasema simba humtisha. Tulipoondoka alikuwa amejifunika nayo juani, anakoroma.

Jumapili, 20 Julai

Nimemshukuru Abdifatah. Akaniomba kitu kimoja tu: nisibuni tena chochote. Nikamwahidi.

Lakini nimekaa nikafikiria. Tatizo halikuwa kwilti. Tatizo lilikuwa ule mstari mwekundu, mmoja tu hautoshi, watu hawakuelewa. Na jana, tukirudi, tulisimama Makindu kunywa chai, nikaona kitambaa kwenye dirisha la duka. Cheupe, mistari mipana myeusi kutoka juu hadi chini. Rahisi. Safi. Kinatosha koti na suruali ya harusi, na kofia yake juu. Mzee Nzomo atakaa kiti cha mbele, na najua atavutiwa.

Kavata sijamwambia. Nataka ashtuke.