Kompyuta Iliyo Njiani

Chanika, Dar es Salaam
Ijumaa, 16 Mei 2025

Mhariri,
Ukurasa wa Sayansi na Mitambo

Ndugu Mhariri,

YAH: UVUMI WA KOMPYUTA MPYA NA MADHARA YAKE KWA DADA YANGU

Pokea salamu zangu na za nyumba yangu. Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu enzi ambazo habari zake zilitufikia zimechelewa, lakini zilikuwa zimekwisha kutokea. Siku hizi zinawahi, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Naitwa Sadalla Abdulswamad, umri wangu miaka sabini na sita. Nilikuwa karani wa shehena bandarini kwa miaka thelathini na moja. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya meli na kuandika kilichoshuka. Sikuwahi kuandika kilichosemekana kitashuka.

Dada yangu Maimuna ana miaka themanini na miwili. Ndiye pekee aliyebaki hai katika kikundi cha lelemama, ile ngoma ya wanawake, cha mtaa wetu wa zamani, na ndiye pekee anayezijua nyimbo zake kumi na nne. Zilikuwa nyimbo za harusi, na nyingine za kuwasema watu wa mtaa wa pili. Upo mmoja unaowauliza waandalizi wa harusi moja ya mwaka 1964, kwa beti tisa, chumvi ya wali waliipeleka wapi. Mwanzoni mwa mwaka huu tulikubaliana nyimbo hizi zirekodiwe studio kabla sauti haijamwishia. Mpaka leo hilo halijafanyika, na sababu ni wewe.

Studio yenyewe ni ya Elibariki, kijana wa Machame, mpole na mchapakazi. Iko ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, na mkewe Celina anauza vitenge chini ya jengo hilohilo. Utauliza kwa nini tusiende studio nyingine. Nitakujibu kwenye namba 4. Sasa naorodhesha.

1. Ukurasa wako hutoka Jumatano. Zamu yetu studio ni Alhamisi. Jumatano ya tarehe 22 Januari uliandika kwamba kompyuta mpya ya watengeneza muziki "yanukia". Kesho yake tulifika, maikrofoni imesimama, dada amekwisha kunywa maji ya moto yenye tangawizi. Elibariki akasema, "Shikamoo Mzee. Bibi, shikamoo. Leo tufanye mazoezi tu. Kurekodi tungoje kidogo, kuna mashine mpya iko njiani." Nikamuuliza iliyopo mezani ina ubaya gani. Akasema haina ubaya wowote, isipokuwa kazi ikianzia kwenye ya zamani inaweza kugoma kufunguka kwenye mpya.

Tarehe 5 Februari ukasema itatoka Machi. Tarehe 12, itatoka Juni, ila kasi yake itakuwa mara mbili. Tarehe 19, haitakuwa na matundu ya kuchomekea nyaya. Tarehe 26, matundu yamerudi. Dada alisomewa hilo la mwisho akasema, "Mimi nimezaa watoto sita. Sijaona mimba inayobadilika namna hii."

Ukiondoa mwezi wa Ramadhani, wiki ya Idi na Mei Mosi, tumekwenda Alhamisi kumi na moja. Tumefanya mazoezi mara kumi na moja.

2. Nilidhani jambo ni kompyuta tu. Mwezi Aprili ukatuongezea mfumo endeshi, yaani ile programu inayozitawala programu nyingine zote, kwamba nao unahama kutoka toleo moja kwenda jingine, na likija jipya litavikataa vifaa vya zamani. Elibariki ana kisanduku chenye ukubwa wa tofali kinachopokea sauti kutoka kwenye maikrofoni na kuiingiza kwenye kompyuta. Sasa hawezi kuhamia mfumo mpya kwa sababu utakikataa kisanduku. Hawezi kununua kisanduku kipya kwa sababu hajui mashine mpya itakuwa na matundu gani. Hawezi kurekodi kwenye mfumo wa zamani kwa sababu mpya unakuja. Nimelichora jambo hili kwenye karatasi, kama tulivyokuwa tukichora mpangilio wa shehena ndani ya meli, na nimegundua kwamba ni duara.

Mashine iliyopo ameikata mtandao, isije ikajisasisha yenyewe bila kuaga. Juu yake amebandika karatasi: MTU ASIBONYEZE SASISHA. Blandina, mama anayefanya usafi pale, haipangusi tena vumbi. Anasema hataki kuwa yeye aliyebonyeza.

Tarehe 24 Aprili, siku ya ile mvua, barabara ya Jangwani ilifungwa. Elibariki anaishi Magomeni, ng'ambo ya Jangwani. Alizunguka mji mzima, akafika saa sita kasoro amekunja suruali hadi magotini na viatu mkononi, akaingia, akatuamkia, akatuambia kwamba leo haturekodi.

3. Uvumi wako umeleta mgawanyiko katika jengo. Twaha, muuza simu wa pale chini, anashikilia kwamba mashine imekwisha kutoka. "Nina mtu wangu Guangzhou," anasema, "ameiona kwa macho yake." Elibariki akamuuliza, "Ameiona yenyewe au boksi?" Twaha akajibu, "Boksi, kaka. Lakini zito."

Tangu siku hiyo kuna makundi mawili ngazini, na sisi watu wa pwani tunayajua vizuri kwa sababu kila mwaka tunayaona kwenye mwandamo wa mwezi. Kundi moja linasema ikionekana popote duniani, imeonekana. Jingine linasema mpaka ionekane hapa. Tofauti ni kwamba mwezi, hata tukibishana, hauzidi siku thelathini.

4. Sasa kuhusu studio nyingine. Jengo lile limesimama kwenye kiwanja cha nyumba yetu. Mwaka 1997 palivuma kwamba mtaa mzima utavunjwa na wenye nyumba wataondoka mikono mitupu. Wajomba zetu wakaogopa, wakauza upesi. Mtaa haukuvunjwa. Iliyovunjwa ni nyumba yetu, tena na huyohuyo aliyeinunua, nasi tukahamia Chanika, ambako palivuma kwamba maji ya bomba yangefika mwaka uleule. Kwa hiyo ugomvi wangu na uvumi haukuanza na kompyuta.

Kwa kipimo changu kiti cha dada studio kiko futi thelathini juu ya ua wetu, upande uliokuwa na jiko. Nyimbo zile zilitungwa kwenye ua ule. Nilipomtajia studio ya huku kwetu alinijibu mara moja tu: "Nitaimba nyumbani, au sitaimba." Kila tukimaliza mazoezi Celina hupandisha chai na maandazi, na dada hukaa dirishani saa nzima akimwonyesha nani alikaa wapi, mchele ulianikwa wapi, nani aliruka ukuta gani akimkimbia baba mkwe. Hili silihesabu kuwa malalamiko. Naliandika kwa ajili ya ukamilifu.

5. Hili ndilo zito. Januari dada alikuwa anamaliza ubeti kwa pumzi mbili. Jana ametumia nne. Januari alikuwa na nyimbo kumi na nne. Sasa ana kumi na tatu na nusu, kwa kuwa ubeti wa pili wa wimbo wa tisa umempotea, na hakuna mtu duniani wa kwenda kumuuliza. Kompyuta yako, Ndugu Mhariri, inazidi kuwa bora kila Jumatano. Dada yangu anakwenda upande mwingine.

6. Nimejitahidi kuikubali hoja yenu kwamba kilichopo kisitumike kwa kuwa bora kinakuja. Nimeona tukiikubali tuikubali yote. Meli zilizoko nje ya bandari zisishushe, kwani kubwa zaidi zinaundwa. Celina awaambie wateja wasishone, mitindo ya mwakani itakuwa mizuri zaidi. Harusi zisimame nchi nzima, maana wachumba bora bila shaka wako njiani, na Elibariki mwenyewe, ambaye alioa miaka sita iliyopita bila kungoja toleo jipya, aeleze alikuwa na haraka gani. Nilimuuliza mbele ya mkewe. Celina alisema naye angependa kusikia jibu.

Kwa sababu hizo naomba kwa heshima mambo manne.

Kwanza, uvumi uchukuliwe kama shehena nyingine yoyote: uwe na hati, namba ya kasha, na wakala anayeweza kupatikana ofisini kwake.

Pili, usichapishe habari ya kompyuta yoyote mpaka ishuhudiwe Kariakoo kwa macho, na watu wazima wawili wenye akili timamu, ambao hata mmoja wao si Twaha.

Tatu, siku itakapotoka kweli itangazwe hadharani pale Mnazi Mmoja, viti vya wazee vikiwepo, na mjumbe wa kampuni ale kiapo kwamba hana nyingine nyuma ya mgongo.

Nne, mpaka siku hiyo, kila Jumatano ukurasa wako ubebe maneno haya kwa herufi nene: ILIYOPO INAFANYA KAZI.

Nisalimie wahariri wote, wapiga chapa, na yule kijana anayeandika habari hizi za mitambo, ambaye nina hakika ni mtoto wa watu na hakukusudia. Dada Maimuna naye anakusalimu, na anauliza kama mama yako yu hai, na kama yu hai, je, umekwisha kuirekodi sauti yake.

Wako niliyechoka kungoja,

Sadalla Abdulswamad

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha Elibariki aliponipigia simu. Anasema kila Alhamisi, tukifanya mazoezi, alikuwa anaiacha mashine ya zamani ikirekodi. "Mazoea tu Mzee, kupima maikrofoni." Leo ameketi kusikiliza, na zimo zote. Nyimbo kumi na nne, tena ubeti wa pili wa wimbo wa tisa umo mzima, wa tarehe 23 Januari. Kimo pia kikohozi changu mahali pamoja, lakini anasema kinaweza kuondolewa. Kwa hiyo kazi imekwisha, na hatuna haja ya kurudi isipokuwa kwenda kuichukua.

Nilifurahi, nikamweleza dada. Alinitaka nirudie mara mbili ule ubeti wa wimbo wa tisa umepatikanaje. Kisha akakunja upande wa kanga yake, akakunjua, akauliza, "Sasa Alhamisi tutakwenda wapi?"

Nimetoka nje nikampigia Elibariki. Nimemwambia asiifunge kazi kwanza, kwamba nimesoma mahali kuwa kuna kompyuta nyingine inakuja, bora kuliko hiyo anayoingoja, na ingekuwa vyema nyimbo zote tukazirudia kwayo kwa utulivu, na kwa sasa tuendelee na mazoezi. Akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia, kwenye ukurasa wako.

Naomba basi uyapuuze malalamiko namba 1 hadi 6 pamoja na maombi yote manne, na Jumatano hii uchapishe habari hiyo. Sentensi tatu zinatosha. Ukihitaji shahidi, yupo mtu wa Twaha kule Guangzhou. Dada amesimama hapa begani kwangu, anasema usitaje mwezi wa kutoka. Andika tu kwamba iko njiani.