Mwaridi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kasafiri kwa shemeji, atarudi Jumamosi. Wosia wake: tule, tulale, ila mwaridi wa langoni usiguswe. Ulipandwa na marehemu mama yake. Maua madogo ya pinki, vichala vichala. Mke wangu kanikumbusha kwamba nyumba ni ya mama na sisi tunaishi kwa hisani. Nimekumbuka. Hapo hapo nikapata wazo.

Jirani, mwalimu mstaafu, ana uzio mfupi wa mawaridi hayo hayo. Vijiti alipewa na mama mkwe. Kila asubuhi anausimamia, kikombe mkononi, ananiringia. Nitapanda wangu kutoka langoni hadi mlangoni. Mama akirudi ataniita mwanangu. Kwa sasa ananiita "huyo".

Jumanne, 4 Machi
Nimekata. Nilianza na matawi mawili, lakini njia ni ndefu. Mwaridi sasa ni kisiki cha kufika gotini. Si kitu, vijiti vyote viko ardhini. Mwalimu alichungulia, akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akasema haya. Hiyo "haya" yake siipendi.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe kapiga simu. Kaulizia mwaridi kabla ya mjukuu. Nikasema umepumzika. Jasho likanitoka mpaka simu ikateleza.

Mke wangu hupita mlango wa nyuma, kwa hiyo kisiki kakiona leo jioni. Hakunigombeza. Kachukua begi, kaanza kukunja nguo za mtoto. Heri angenigombeza.

Alhamisi, 6 Machi
Vijiti vinakauka. Nimeng'oa kimoja, nikajishusha hadi kwa mwalimu. Akauliza mbona nimekipanda kichwa chini. Nikamweleza: miiba ilikuwa imeelekea chini, na mwiba unaojiheshimu hutazama juu. Ndiyo maana nilivigeuza vijiti vyote. Mwalimu akacheka hadi akavua miwani. Mimi sikuona cha kucheka. Uzio mzima umesimama kwa kichwa, na Jumamosi ni kesho kutwa.

Ijumaa, 7 Machi
Sikulala vizuri. Tutahamia wapi na mtoto? Nimemwomba mwalimu vichala vya maua. Kanipa, ila kwanza nikiri kwa sauti, mke wake akisikia, kwamba uzio wake hauna mpinzani. Nimekiri. Nimevifunga kwenye kisiki kwa uzi. Ukiwa mbali, unapendeza. Mama asisogee tu.

Jumamosi, 8 Machi
Kasogea. Hata shikamoo yangu hakuiitikia. Maua yalikuwa yamelegea shingo. Akavuta uzi, kichala kikamwangukia mkononi. Begi lilikuwa mlangoni, mke wangu kambeba mtoto.

Mama akainama. Kisiki kilikuwa kimetoa vichipukizi vyekundu, vidogo kama punje za mchele. Akavigusa kimoja kimoja. Akasema mama yake alikuwa akiukata hivi hivi ukizeeka, ukirudi unajaa maua. Yeye hakuthubutu. Alihofia kuua kitu cha mwisho alichoachiwa. Akafuta machozi, akasema asante, mkwe.

Mkwe! Kisha akauona uzio. Akang'oa kijiti, akakitazama, akanitazama. Akaomba mkasi wa bustani, akaufungia kabatini, ufunguo akaufutika kiunoni. Akasema nisiushike tena maisha yangu yote. Halafu akamwambia mke wangu arudishe nguo za mtoto kabatini.

Jumapili, 9 Machi
Nimelala kama mtoto. Asubuhi nimekaa langoni kuvitazama vichipukizi vyetu. Kuna tatizo dogo: mlimau unauzibia mwaridi jua. Mlimau huo ulipandwa na marehemu baba mkwe, mama anaupenda sana. Mwaridi ukipata jua la kutosha, nani atauangalia tena uzio wa mwalimu? Mama kaenda kuwatembelea wagonjwa, atarudi jioni. Mkasi amenikataza. Msumeno hakuutaja.