Zabuni ya Jenereta Isiyonguruma

Mustapha hakuwa mwizi, na tusimvunjie heshima mapema. Mwizi huvunja mlango. Mustapha alibisha hodi mchana kweupe, akakaribishwa ndani, akawekewa chai, na mwenye nyumba akamsindikiza hadi barabarani akimshukuru. Wateja wake walikuwa wastaafu. Dodoma ni mji wa serikali, kwa hiyo wastaafu wanapatikana mwaka mzima bila kungoja mvua, na kila mmoja hutoka ofisini na kiinua mgongo chake pamoja na wazo moja ambalo familia imelikataa.

Wazo la Mama Evodia alilisikia Jumatatu, akiwa anakunywa chai Majengo. Mama mwenye miwani, daftari kwapani, alikuwa akiingia duka moja la vifaa vya umeme na kutokea jingine, na kote swali lake lilikuwa lile lile.

"Mna jenereta ya kubebeka isiyopiga kelele?"

"Mama, jenereta isiyopiga kelele ni iliyozimwa," muuzaji mmoja alimjibu, na duka zima likaangua kicheko.

Mustapha hakucheka. Alimaliza chai kwa mkupuo mmoja, akavuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wanacheka kwa sababu hawana. Mimi ninayo. Ila nieleze kwanza, unaipeleka wapi?"

Mama Evodia alimtazama kwa shukrani, akaeleza. Alikuwa amenunua karavani kutoka kwa mhandisi mmoja wa barabara aliyerudi kwao Ulaya: kijumba chenye magurudumu mawili kinachovutwa na gari, ndani kikiwa na kitanda, jiko na friji ndogo. Jumapili iliyofuata angekwenda nacho kwenye vilima vya Kondoa, wiki mbili, peke yake.

"Mahitaji yangu ni haya," alisema na kufungua daftari. "Uzito usizidi kilo ishirini na mbili, niinyanyue bila kuita mtu. Iendeshe friji, feni na taa kwa pamoja. Tangi moja la mafuta lifikishe masaa manane. Na nikikaa hatua kumi, mlio wake usizidi sauti ya watu wawili wanaoongea. Miaka thelathini na minne nimesikiliza printa mbovu na wakubwa wenye hasira. Sasa nataka kusikia ndege."

"Hatua kumi mbali, mama," Mustapha alisema kwa unyenyekevu. "Ya kwangu hata ukiilalia huisikii."

Katika hilo hakudanganya. Nyumbani alikuwa na ganda la jenereta lililong'arishwa vizuri, ambalo injini yake ilishauzwa chuma chakavu. Ndani aliweka betri ya gari na kifaa cha kubadili umeme wake uwashe taa za kawaida. Ukivuta kamba, swichi ya siri inabonyezwa, taa inawaka, na hakuna kinachonguruma kwa kuwa hakuna cha kunguruma. Mashine hiyo ilimtosha muuzaji kuhesabu pesa na kufika mtaa wa pili.

"Vizuri sana," Mama Evodia alisema. "Basi nitahitaji kotesheni tatu."

"Tatu?"

"Nilikuwa idara ya manunuzi, mwanangu. Wazabuni watatu, kila mmoja na muhuri wake na namba yake ya simu. Na Jumamosi kila mmoja alete sampuli nyumbani kwangu, Ihumwa."

Tapeli mchanga angeaga hapo hapo. Lakini Mustapha alikuwa mwenyeji wa mji, na aliujua ugonjwa wa kotesheni tatu pamoja na dawa yake, ambayo ni mtu mmoja mwenye mihuri mitatu. Kufikia Jumatano, Kampuni ya Utulivu Umeme, Nyanda Ugavi na Kisasa Jenereta zote zilikuwa zimezaliwa, zikachongewa mihuri na kupewa laini za simu. Kila kampuni ilisaini karatasi ya masharti yenye kurasa nne aliyoitoa mama. Mustapha alisaini ya kwanza kwa mkono wa kulia, ya pili kwa mkono wa kushoto, na ya tatu akiwa amesimama. Kusoma hakusoma hata moja, kwani nani husoma masharti?

Tatizo likawa sampuli. Ya Nyanda Ugavi ilikuwa rahisi: aliokota mkweche mmoja wenye mngurumo wa kinu cha kukoboa. Lakini alitaka ya tatu iwe nzuri kweli, kimya kweli, na ghali kupindukia, ili ganda lake lionekane zawadi. Jenereta ya namna hiyo aliijua moja tu. Ilikuwa ya Hamida.

Hamida alikuwa na saluni Nkuhungu. Jenereta alinunuliwa na baba yake, Mzee Hashimu, baada ya kuuza mbaazi huko Kondoa, na aliichagua ile ya kimya ili umeme ukikatika wateja waendelee kusengenya bila kupaza sauti. Jumapili hiyo hiyo Mzee Hashimu alikuwa anakuja mjini kuisikiliza posa ya Mustapha. Na Hamida alikuwa ameshasema, tena bila kufoka, "Mustapha, nakupenda. Lakini ukinidanganya tena, hata kwa kitu cha shilingi mia, hunioi." Mustapha alimpenda pia, sana, na hilo ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo halikuwa na muhuri wa kuchonga.

"Naipeleka kwa fundi ibadilishwe oili," alimwambia Ijumaa jioni. "Kesho jioni unayo."

Jumamosi saa mbili asubuhi, jenereta tatu zilipangwa uani Ihumwa, mbele ya karavani nyeupe, zote zimeletwa na Mustapha, eti kwa niaba ya wenzake. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Mazengo, alikuwepo kama shahidi, na muhuri wake mezani. Mama Evodia alipima hatua kumi kwa miguu yake mwenyewe, akaweka viti viwili, akakaa na mwenyekiti wakazungumzia bei ya alizeti kwa sauti ya kawaida.

Mkweche uliwashwa. Mwenyekiti akaendelea kufungua mdomo, alizeti haikusikika tena.

"Umeshindwa," Mama Evodia aliandika.

Ya Hamida ilivuma taratibu. Alizeti ilisikika yote. Kisha Mustapha akavuta kamba ya ganda lake. Taa ikawaka, feni ikazunguka, na pakawa kimya hata mwenyekiti akasimama kuchungulia.

"Haya ni maajabu," alisema.

"Teknolojia, mwenyekiti," Mustapha alisema. "Nadhani mama ameridhika. Tumalizane, nisimcheleweshe."

"Ameridhika na nini?" Mama Evodia aliuliza. "Kifungu cha sita. Majaribio ni masaa manane. Kaa, mwanangu, chai inakuja."

Mustapha alikaa. Baada ya dakika hamsini feni ilipunguza mwendo, taa ikawa nyekundu, kisha vyote vikazima. Ya Hamida iliendelea kuvuma pale pembeni.

"Inapumzika," Mustapha alisema. "Za kisasa hujipumzisha."

"Ipumzike salama. Ngoja nimpigie mkurugenzi wa Kisasa Jenereta, nimpongeze kwa hii inayofanya kazi."

"Mgonjwa, mama! Ndiyo maana mimi nimembebea..."

Mama alishabonyeza. Simu ikaita kwenye suruali ya Mustapha, mfuko wa kulia. Bila kubadili uso, mama akapiga ya Nyanda Ugavi. Ikaita kwenye mfuko wa nyuma. Akapiga ya Utulivu Umeme, na ile ya mfuko wa kushoto ikapokea zamu. Siku nzima uani pale hapakuwa na kelele kama ile.

"Miaka thelathini na minne," Mama Evodia alisema kwa upole, "nimeona kampuni tatu katika suruali moja mara nyingi tu. Ila wenzako huzima simu. Kifungu cha kumi na moja: wazabuni wakila njama, sampuli zote zinabaki kwa mnunuzi. Umesaini mara tatu, mbele ya muhuri."

Aende kushtaki polisi? Mustapha aliwafikiria, akafikiria ile mihuri mitatu, akaacha kuwafikiria.

"Mama, nakuomba. Chukua hizo mbili. Ile ni ya mchumba wangu. Kesho baba yake anakuja kusikiliza posa."

"Anajua iko hapa?"

"Anajua iko kwa fundi."

"Mali ya mtu sili," Mama Evodia alisema. "Nitaitoa kwa mwenyewe, akija mwenyewe, baada ya wewe kumweleza imefikaje. Mpigie. Simu unazo."

Hamida alifika kwa bodaboda, nywele zimefungwa kitambaa cha kazi. Mustapha alieleza. Alijaribu kona mbili za uongo, lakini kila alipokata kona mwenyekiti alikohoa, naye Mustapha akarudi njia kuu. Alisema yote: fundi asiyekuwepo, oili, ganda, kampuni. Akasema pia kwamba ana aibu, na aliona aibu kweli, mpaka masikio yakamwaka moto. Mama Evodia aliandika kila neno, kwa kuwa kikao bila muhtasari kwake si kikao.

Hamida hakulia wala hakufoka. Alimgeukia mama.

"Shikamoo, mama. Bado unaihitaji?"

"Marahaba. Naihitaji wiki mbili, na ndiyo imefaulu peke yake. Nitakukodi, kwa maandishi."

"Ichukue. Saluni nitatumia umeme wa kawaida, ukikatika nitasuka."

Walielewana kwa dakika tano, bila kotesheni. Kisha Mama Evodia akausoma muhtasari kwa sauti, mwenyekiti akagonga muhuri, na Mustapha akapewa kalamu asaini kwa jina lake halisi.

"Hamida," alisema, "na kesho?"

Hamida alimgeukia mama tena. Macho yalikuwa yameanza kumlowa, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Mama, naomba nakala mbili. Moja ataisoma baba kesho kabla hajakaa kusikiliza posa. Ya pili nitaibandika saluni."

Mustapha akasaini zote mbili.